Unatafuta kazi Nairobi? Usilipie makaratasi yote kabla hujaitwa

Jameni, Kenya hakuna pesa ya serikali ya kumshikilia mtu akiwa hana kazi, hiyo tuielewe mapema. Chenye iko ni huduma, nyingi za bure, na sheria zenye ukizijua hutamaliza akiba kwa vyeti kabla hata ya intavyu.

Hii ya vyeti ndio inakula watu sana. Mtu anaona tangazo, anakimbia kutafuta cheti cha tabia njema, kliaransi ya HELB ya mikopo ya wanafunzi, ya CRB ya rekodi za madeni, ya KRA ya ushuru, zote kwa mpigo, anamaliza elfu kadhaa na kazi yenyewe hapati. Tangu 2022 sheria ya ajira ilibadilishwa, mwajiri haruhusiwi kukuitisha hizo kliaransi kama hana nia ya kuandikiana na wewe mkataba. Kwa hivyo kwa maombi peleka CV, barua, vyeti vya shule na kopi ya kitambulisho. Akizitaka zingine mapema muulize kwa heshima kama ameshaamua kukuajiri. Ni haki yako kuuliza.

Lakini KRA usingoje. Pin, yaani namba yako ya ushuru, ni bure kwa iTax, mtandao wa KRA, pale saiba unalipia tu kazi ya yule anakujazia. Ukishakuwa na pin ya ushuru wa mapato unafaa kufaili ritani, yaani ripoti ya mapato yako, kila mwaka kufikia tarehe 30 Juni, hata kama hukushika shilingi, na ukikosa faini ni 2,000 kwa kila mwaka. Mdogo wangu alichukua pin akiwa anaombea HELB, akaisahau, kuja kupata kazi anakuta miaka mitatu, elfu sita zinamngoja. Iliniuma kwa sababu ni kitu ya dakika kumi. Ingia iTax, chagua ritani ya nil, weka 01/01 hadi 31/12 ya mwaka uliopita, tuma, pakua risiti uiweke. Nil ni ya mtu hakupata kitu kabisa, so kama ulikuwa umeajiriwa mahali wakakukata ushuru, waitishe fomu ya P9, ile inaonyesha mshahara na ushuru uliokatwa, ndio ufaili nayo.

Na tafadhali akaunti zako za iTax na eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, zifunguliwe na imeili yako na namba yako. Mimi jamaa wa saiba alitumia imeili yake, siku nimesahau pasiwadi nikarudi nikapata pale pamekuwa duka la viatu, nikasumbuka wiki mzima.

Ukishaitwa kazi sasa ndio ulipie tabia njema. Omba kwa eCitizen upande wa DCI, wale wapelelezi wa polisi, ni 1,050, alafu print invoisi na ile fomu ya C24 ya alama za vidole. C24 iwe karatasi moja, mbele na nyuma, ukileta mbili unarudishwa kuprint tena na laini umeshaipoteza. Beba kitambulisho orijino na kopi, nenda makao makuu ya DCI Kiambu Road ama Huduma Centre, ile ya GPO hujaa sana kwa hivyo fika asubuhi mapema, ama jaribu ile ya Makadara. Kama umekuwa mjengo osha mikono vizuri, alama za vidole zikiwa hazionekani utarudia.

HELB nayo, mkopo unaanza kulipwa mwaka mmoja baada ya kumaliza chuo. Usinyamaze eti juu huna kazi, faini ni 5,000 kila mwezi. Fika Anniversary Towers uwaeleze hali yako.

Upande wa kutafutiwa sasa. National Employment Authority, mamlaka ya serikali ya ajira, wana mtandao unaitwa NEAIMS, jisajili huko uweke CV. Nafasi za serikali hutoka kwa gazeti la MyGov siku ya Jumanne na kwa tovuti ya PSC, tume ya utumishi wa umma, na PSC pia huwa na intanshipu ya miezi 12 ya waliomaliza digrii. Hakuna mahali PSC inalipisha kuomba kazi, mwenye anakuitisha pesa ya "kusukuma faili" ni mwizi. Fundi mwenye hana cheti, wa umeme, wa magari, wa kushona, aende NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, pale Commercial Street, Industrial Area, aulize trade test, yaani mtihani wa ufundi, huko wanapima mkono wako si matokeo ya fomu foo.

Kazi za Gulf ndio naombea watu wawe makini. Kabla utoe hata shilingi au paspoti, angalia jina la ajensi kwa orodha ya zile zimesajiliwa hapo NEAIMS, na uangalie kama leseni bado iko hai. Mkataba wa kazi ya nje lazima uthibitishwe na afisa wa leba, so itisha uusome wote, mshahara, masaa, siku ya kupumzika, na kopi umwachie mtu wa nyumbani kabla hujaenda JKIA.