Jinsi ya kuzunguka kisiwa na pikipiki kwa siku moja, hatua kwa hatua

Swali la kwanza watu wanaloniuliza ni kilomita, yaani kisiwa kina kilomita ngapi kukizunguka na nitamaliza? Achana na kilomita, hesabu masaa. Barabara za kisiwani ni kona, matuta, mara lami inakatika unajikuta kwenye mchanga, na ukijumlisha kusimama kupiga picha na kuogelea mimi huwa napata kilomita 20 hadi 25 kwa saa, basi. Kwa hiyo mzunguko wa kilomita 150 ni siku nzima umekaa kwenye siti, kisiwa chenyewe hujakiona. Chagua nusu yake.

Hatua ya 1: usiku kabla, angalia maji na jua

Hii wengi wanairuka. Sehemu nyingi maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanasogea mbele kama dakika 50, kwa hiyo saa aliyokwambia mtu wa wiki iliyopita haikusaidii. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama ni bamvua, maji yanakimbia mbali kisha yanarudi mpaka juu kabisa, na ule ufukwe mpana ulioupenda kwenye picha unakuta haupo. Mimi niliwahi kuegesha skuta kwenye mchanga mgumu wenye unyevu nikaenda kuogelea, narudi maji yako kwenye rimu na stendi imezama, tulisukuma watu watatu. Tangu siku hiyo naegesha juu ya mstari wa takataka zilizoachwa na maji.

Jua nalo, ukiwa karibu na ikweta linazama kwenye saa kumi na mbili jioni hivi mwaka mzima, na likizama hakuna kusubiri, ndani ya nusu saa ni giza.

Hatua ya 2: kagua pikipiki kabla hujalipa

Usione aibu, chukua dakika kumi. Shika breki ya mbele halafu isukume, ikienda mbele kataa. Fanya hivyo hivyo kwa ya nyuma. Tairi ziangalie meno na upepo, washa taa, indiketa, honi, taa ya breki. Piga video kuizunguka yote, kila mkwaruzo, mwenye pikipiki akiwa anaonekana, maana ugomvi wa jioni unamalizwa na video ya asubuhi. Pasipoti usiache, acha kopi. Helmeti iwe inakubana na mkanda ufungwe, helmeti ya kuning'iniza kwenye kiwiko haina kazi.

Leseni: ya gari peke yake mara nyingi haitoshi, na bima nyingi za safari hazilipi kama huna leseni ya pikipiki. Leseni ya kimataifa nayo ina aina zake, kuna nchi zinataka ile ya mkataba wa Geneva wa 1949 na nyingine ile ya Vienna wa 1968, angalia kabla hujasafiri.

Hatua ya 3: chagua upande wa kuzungukia

Kama kisiwani wanaendesha kushoto, zunguka kwa kufuata mshale wa saa, bahari inakuwa upande wako na unasimama popote bila kukata barabara. Wakiendesha kulia, zunguka kinyume. Ila kama unaenda na kurudi njia ile ile, bora asubuhi uelekee magharibi na jioni urudi mashariki, jua linabaki mgongoni safari zote mbili.

Hatua ya 4: barabarani

Ondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, barabara tupu na hewa bado tamu. Kwenye mchanga au kokoto punguza spidi kabla hujaingia, ukishaingia usiguse breki ya mbele, shika resi kidogo kidogo na uangalie mbele, sio chini ya tairi. Mvua ikianza ndo hatari zaidi, dakika za mwanzo vumbi na oili vinachanganyika na maji lami inakuwa sabuni, simama robo saa, za visiwani nyingi hupita haraka.

Mteremko mrefu unataka akili. Skuta ya otomatiki ukiachia resi na spidi ikashuka sana klachi inaachia, inateleza yenyewe, kwa hiyo bana breki zote mbili kwa vipindi zipate kupoa. Yenye gia teremka na gia ya pili.

Na bomba la moshi jamani! Mara nyingi liko kulia, basi panda na ushuke kushoto. Alama ya kuungua kwenye shavu la mguu utaijua ukiiona, ninayo.

Kuanzia saa sita mpaka saa nane kaa kivulini, maji ya kunywa lita mbili, mikono mirefu.

Hatua ya 5: jua pa kugeuzia

Mafuta yakifika nusu au saa ikifika nane, chochote kitakachotangulia, geuza, hata kama ufukwe uliosimuliwa uko kona inayofuata. Tangi la skuta ni dogo, na sheli za upande wa mbali zinaweza kufungwa. Ukifika, pitisha maji baridi kuondoa chumvi injini ikishapoa, piga video ya pili, ndo ukabidhi funguo.