Somo: Namna ya kuingiza L4 bila kuua transfa

Nimeendesha Land Cruiser za watalii miaka mingi, na transfa (sanduku la gia linalogawa nguvu kwa tairi za mbele na za nyuma) nyingi nilizoona zimefunguliwa gereji zilikufa kwa kosa moja: dereva kaingiza L4, gia ya polepole ya tairi zote nne, gari likitembea. Yangu ya kwanza niliiua hivyohivyo. Nilisikia krrr, nikalazimisha, meno yakakatika. Sitaki yakukute.

Somo hili ni la Land Cruiser 70, zile zenye mikono miwili ya gia. Mkono mdogo, wa transfa, umeandikwa H2 (tairi mbili za nyuma, mwendo wa kawaida), H4 (tairi nne, mwendo wa kawaida), N (nyutro) na L4.

Elewa kwanza kwamba L4 haiongezi nguvu ya injini. Inapunguza mwendo karibu mara mbili na nusu, na kinachopungua kwenye mwendo unakipata kwenye msukumo wa tairi. Ndiyo maana gari la tani tatu linaweza kutambaa polepole kuliko mtu anayetembea, bila wewe kuchezea klachi.

1. Shuka ufunge habu za mbele, yaani vifungio vya katikati ya magurudumu vinavyounganisha tairi na shafti. Zungusha kifundo kutoka FREE hadi LOCK, kulia na kushoto. Kikigoma katikati usikigonge na spana. Sogeza gari kidogo tu, kitaingia.

2. Simamisha gari kabisa, tena mapema. Ukishuka kreta ya Ngorongoro kwa njia ya Seneto, fanya kazi hii juu ukingoni, barabara ikiwa bado tambarare. Mbele yako kuna kama mita 600 za kuteremka. Katikati ya kona si mahali pa kuanza kutafuta gia.

3. Vuta handibreki, weka gia kubwa (mkono mkubwa) nyutro, kanyaga klachi mpaka chini. Sasa peleka mkono mdogo kutoka H4, upite N, uingie L4 kwa mkupuo mmoja, kwa uthabiti lakini bila hasira. Meno yakikoroma, acha. Achia klachi sekunde moja ili gia za ndani zizunguke na kubadili mkao, kanyaga tena, jaribu tena. Karibu kila mara itaingia.

Hapo N pana hatari ambayo madereva wengi hawaijui. Transfa ikiwa N, gia kubwa haishiki tairi hata kidogo. Ukipaki mlimani na namba moja huku mkono mdogo umebaki N, gari linaondoka.

4. Ondoka na namba mbili kwenye tope au mchanga. Namba moja ni ya mteremko mkali. Ukiteremka, toa mguu kwenye klachi uache injini ishike gari. Gusa breki kidogo tu mlio ukipanda.

5. Kutoka L4 ni vilevile: simama, klachi, rudi H4. Ukifika lami, H2.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Mkono wangu umeng'ang'ania L4, hautoki.
— Marahaba. Bila shaka ulikata kona kwenye ardhi ngumu. Tairi za mbele huzunguka zaidi ya za nyuma kwenye kona, na gari hili halina difu ya katikati ya kuziachia zizunguke tofauti, kwa hiyo shafti zinajikaza. Rudi nyuma mita chache usukani ukiwa umenyooka, kisha jaribu tena.

Mkuu, Prado yangu ni otomatiki na ina swichi ya kuzungusha.
— Anza H4, simama, kanyaga breki, gia iwe N, ndipo uzungushe hadi L4. Taa ikipepesa subiri itulie. Usiingize D kabla.

Habu nifunge kila siku?
— Masika zifunge asubuhi uzisahau mpaka jioni. Ukiwa H2 haziharibu kitu, mafuta yanaongezeka kidogo tu. Kushuka kuzifunga ukiwa tayari umezama magotini kwenye tope ndiyo adha.

RAV4 yangu imeandikwa 4WD lakini sioni L4.
— Haina, ndugu yangu. Mteremko kama ule wa Seneto tumia gari lenye nayo.