Soma namba hizi tatu kabla diski haijafa

Usingoje kompyuta ianze kukwama au diski itoe mlio wa tik-tik ndipo ushtuke. Karibu kila diski hujiwekea kumbukumbu ya afya yake, iitwayo SMART, na kuisoma ni kazi ya dakika moja. Kwenye Windows tumia CrystalDiskInfo; kwenye Linux sakinisha smartmontools kisha andika sudo smartctl -a /dev/sda (sda ni jina la diski; yako inaweza kuwa na jina jingine).

Usiridhike na neno PASSED (“imefaulu”) ambalo smartctl huandika kama hukumu ya jumla. Diski inaweza kufaulu hapo huku imeshaanza kuoza. Nenda moja kwa moja kwenye namba 5, 197 na 198 (CrystalDiskInfo huziandika 05, C5 na C6), usome thamani ghafi (safu ya RAW). Ya 5 huhesabu sekta (vipande vidogo vya kuhifadhia data) mbovu zilizokwisha kubadilishwa na za akiba, 197 ni zinazotiliwa shaka, 198 ni zilizogoma kusomeka. Sifuri ndiyo hali njema. Mimi nikiona hata 8 tu kwenye 197, nahamisha mafaili siku hiyohiyo kabla ya kupima chochote kingine, maana vipimo virefu huichosha zaidi diski iliyo mgonjwa. Ikipanda namba 199 (C7), inayohesabu makosa ya kusafirisha data kati ya diski na kompyuta, shuku kebo kwanza.

Nakala rudufu iwepo hata namba zote zikiwa sifuri: utafiti wa Google wa 2007 ulikuta zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuonyesha hata moja kati ya dalili nne kuu.

Kwa SSD za NVMe (diski za kisasa zisizo na sehemu zinazozunguka), tazama Percentage Used, yaani asilimia ya uhai wake uliokwisha kutumika. Ikikaribia 100, anza kutafuta nyingine.