Kusoma CT baada ya upasuaji wa Whipple: kisiki usikiruke

Juzi nilikaa na daktari anayejifunza radiolojia, kaletewa CT ya mgonjwa aliyetolewa kichwa cha kongosho (ndio huo upasuaji wa Whipple), siku ya 10 baada ya upasuaji, ana homa na dreni (mrija wa kutoa maji tumboni) imetoa damu kidogo halafu ikaacha. Nimeandika tulivyoipitia.

Hatua ya 1. Anza na ripoti ya upasuaji na majibu ya amilesi (kimeng'enya cha kongosho) ya dreni. Kama kuanzia siku ya 3 imezidi mara 3 ya kiwango cha juu cha kawaida kwenye damu, na homa ipo, fikiria kongosho linavuja.

Hatua ya 2. Piga awamu tatu: bila kontrasti (dawa ya kung'arisha picha), ya ateri, na ya veni kwenye sekunde 70 hivi. Ile ya kwanza wengi wanairuka, mimi kwa mgonjwa aliyetoa damu sikubali kabisa. Kontrasti nyeupe ya kunywa usimpe, itaficha damu inayomwagikia kwenye utumbo.

Hatua ya 3. Hewa kwenye mirija ya nyongo ni kawaida. Kitanzi cha utumbo kilichopandishwa karibu na ini kikijaa maji kinafanana sana na jipu, kifuate mpaka uone mikunjo yake.

Hatua ya 4. Sasa kisiki cha ateri ya gastroduodenali, yaani kipande kinachobaki kwenye ateri ya ini baada ya kuikata, hapa tulia. Niliwahi kutumia jioni nzima napima mkusanyiko wa maji pembeni ya maungio, kumbe kuna kitone cha milimita 6 kinagusa ateri ya ini, nikakiita klipu (kibanio cha chuma cha upasuaji), maana picha ya bila kontrasti haikupigwa. Usiku dreni ikajaa damu. Alizibwa ateri kwa koili (waya mdogo wa kuziba mshipa) akapona, ila kile kitone bado nakiona. Maji ya kongosho yakivuja yanakula ukuta wa ateri, inatoka damu kidogo, inakata, halafu baada ya saa au siku kadhaa inakuja ile kubwa yenyewe. Kwa hiyo anzia shina la siliaki (tawi la aota linalolisha ini, wengu na tumbo), ingia ateri ya ini, fika ilipokatwa ya gastroduodenali, tumia vipande vya milimita 1, geuza na upande wa koronali (kama unamtazama mgonjwa kwa mbele). Klipu inang'aa hata bila kontrasti. Anyurizimu bandia (kifuko cha damu kwenye ukuta wa ateri uliotoboka, ndicho kilikuwa kile kitone) haionekani hapo, inawaka pamoja na aota na kufifia nayo, ila damu inayovuja inazidi kutanuka kwenye awamu ya veni. Picha za 3D ni nzuri kumwonyesha daktari wa upasuaji, kwa kutafuta usizitegemee. Angalia pia ateri ya wengu. Na ukikosa kitu usiandike "hakuna tatizo" ukaondoka, damu ikiwa imekata kwa muda CT inaweza isionyeshe chochote, ongea na wanaofanya angiografia (picha ya mishipa kwa kupitisha mrija ndani yake).

Hatua ya 5. Kwenye veni ya pota (inayopeleka damu kwenye ini) tafuta damu iliyoganda. Kwenye ini tafuta sehemu isiyopata damu.

Hatua ya 6. Ukiona kitone, piga simu kabla ya kuandika ripoti: ateri gani, milimita ngapi, na kama ateri ya ini bado inapitisha damu, maana anayeenda kuweka koili ataanza na swali hilo.