Daftari langu la uti wa mgongo, na namna ninavyolijaza

Ni kaunta buku ya kawaida niliyoinunua soko la Mwanga kwa pesa yangu, ninamoandika wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo. Rejista ya MTUHA, ile ya serikali ya takwimu za afya, ipo na inajazwa, lakini yenyewe inakuambia mgonjwa aliugua nini, basi. Haikuambii mdudu, yaani bakteria, alikuwa nani, wala mtoto alichanjwa tarehe ngapi. Nawaandikia wenzangu wa maabara ndogo za huku Kigoma, Uvinza, Kasulu na Kibondo, maana mara nyingi mnaniuliza hesabu zangu nazipata wapi.

Anayeingia daftarini ni mgonjwa aliyeshikwa na homa ya ghafla, kisha shingo ikakakamaa au fahamu zikayumba. Kichanga shingo yake haikuambii kitu, mpapase utosi: ukiwa umevimba naye halii, mwandike. Hapa kwetu kuna mtego. Malaria ni nyingi, na mtoto akipata degedege kila mtu, kuanzia bibi hadi tabibu, anasema malaria imepanda kichwani. Kipimo kinasoma chanya, sindano ya malaria inachomwa, na hakuna anayekumbuka kutoa maji ya mgongo yapimwe. Mtoto anaweza kuwa na vyote viwili. Mimi nikiona fomu ya mtoto wa degedege imeomba malaria peke yake, nainuka naenda wodini kumuuliza tabibu. Wapo wanaonuna. Wanune.

Ninachohesabu ni bakteria aliyepatikana mahali ambapo hatakiwi kabisa: kwenye damu au kwenye maji ya uti wa mgongo. Aliyeko puani simwandiki. Watoto wazima tele wanambeba puani yule wa nimonia na wanacheza mpira.

Maji ya mgongo yakifika maabara, kishike kichupa dirishani, nyuma yake weka karatasi yenye maandishi. Herufi zikisomeka vizuri, afadhali, ingawa bado utapima. Zikififia kama unazitazama kupitia maji ya kuoshea mchele, mkimbilie tabibu dawa ianze hapo hapo, hata kabla hujagusa hadubini.

Na usiyaweke kwenye barafu. Hili nililijua kwa aibu. Nilipokuwa mgeni kazini, kwenye kituo kimoja kando ya ziwa, boti ya kuja mjini ilikuwa inaondoka saa nne asubuhi. Nikachukua kile kisanduku cha kubebea chanjo, nikapanga barafu pembeni, nikalaza kichupa katikati kama yai. Chanjo inataka nyuzi 2 hadi 8, nikadhani na sampuli ni hivyo hivyo. Mjini wakaotesha, yaani wakajaribu kuwakuza bakteria kwenye sahani, siku tatu, hakikuota kitu. Usaha ulionekana kwenye slaidi, mwenye usaha hakupatikana, kwa sababu wadudu watatu tunaowatafuta, yaani nimokokasi (yule wa nimonia), meningokokasi na Hib, baridi huwamaliza upesi. Mtoto alitibiwa akapona, ila kwenye hesabu akabaki "hajulikani". Kichupa cha kuotesha kinakaa kwenye joto la chumba, kivulini, na kinatakiwa kiwe maabara ndani ya saa moja. Mlio mbali, ombeni wilayani mapema vile vichupa maalumu vyenye chakula cha bakteria. Vikiwa havijatumika vinatunzwa kwenye friji. Vikishatiwa maji ya mgonjwa havirudi humo.

Sasa safu za daftari. Jina, umri na tarehe kila mtu anajua. Mimi nimeongeza tatu.

Ya kwanza ni saa ya dawa na saa ya sampuli, zikiwa jirani. Wagonjwa wengi hupitia duka la dawa kwanza, na ukiuliza utajibiwa "Panadol tu". Omba kuona pakiti. Kama alichomwa sindano saa mbili na maji yakatoka saa tano, sahani isipoota unajua sababu. Kichupa kimoja kihifadhi, maabara kubwa wanaweza kumtambua mdudu hata akiwa ameshakufa.

Ya pili ni kadi ya kliniki.

"Kadi iko wapi, mama?"

"Iko nyumbani, daktari, ila amemaliza zote."

"Sawa. Mpigie aliye nyumbani aipige picha atutumie."

Nanakili tarehe za pentavalenti, ile chanjo ya magonjwa matano, na za chanjo ya nimonia, zile za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Neno "zote" siliandiki. Pentavalenti, yenye kinga ya Hib, tulianza nayo 2009, na ya nimonia kuanzia 2013. Kwa hiyo mtoto wa leo mwenye Hib na dozi tatu kamili ni jambo la kupigia simu. Nimokokasi ni habari nyingine. Ana aina zaidi ya 100, na hiyo chanjo ya nimonia, PCV13, inazuia 13. Mtoto aliyechanjwa akimpata, usikimbilie kusema chanjo imefeli. Mtunze mdudu, atumwe Maabara Kuu ya Taifa ya Afya ya Jamii, Dar es Salaam, aina yake ijulikane.

Ya tatu ni kijiji alikolala wiki iliyopita. Akina mama wa Kagunga na Mwamgongo wanashukia Kibirizi na kufikia kwa ndugu, na ukiuliza "unaishi wapi" wanataja kwa huyo ndugu. Nilikuwa na ukurasa mzima ambao ungedhani ugonjwa uko Kibirizi, kumbe umetoka kaskazini kwa boti. Chanjo ingepelekwa kusiko.

Chini ya hadubini, kwa rangi ya Gram tunayopaka slaidi kuwatofautisha bakteria, nimokokasi ni zambarau, wawili wawili, ncha zimechongoka. Hib ni vijiti vidogo vya pinki. Meningokokasi ni pinki pia, kama maharage mawili ya Kasulu yaliyotazamana matumbo. Huyu ukimwona acha kila kitu umpigie Mganga Mkuu wa Wilaya, maana waliolala nyumba moja na mgonjwa watahitaji dawa ya kinga, na chanjo yake haimo kwenye ratiba ya kawaida ya watoto wetu.

Wiki yangu ni Jumatatu hadi Jumapili. Kwa nchi za ukanda wa uti wa mgongo, yaani zile za Afrika ambako ugonjwa huu hulipuka mara kwa mara, Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema eneo lenye watu chini ya 30,000 likipata wagonjwa wawili wa kushukiwa katika wiki moja, tahadhari, watano, mlipuko. Nami natumia hivyo hivyo kwa kata. Wa pili akiingia hata Jumatano usiku, simu inapigwa Jumatano usiku. Wiki isiyo na mgonjwa naandika 0 kwa wino, na sahihi yangu pembeni.