Mgeni wa Mtwara na Lindi: namna ya kupata mkopo wa haki na kuikwepa kausha damu

Mtu aliyevuka Ruvuma kutoka Msumbiji akaanza maisha Mtwara mjini, Newala au Lindi hugundua mapema kwamba mkopo unaopatikana kwa urahisi kuliko yote ndio unaoumiza kuliko yote, ule unaoitwa kausha damu. Mkopeshaji wa mtaani hamwulizi karatasi, kwa kuwa anafahamu kwamba asiye na karatasi hatathubutu kumshtaki popote. Ndiyo maana maandalizi ya mkopo huanzia kwenye nyaraka: pasipoti, kibali cha ukaazi ambacho hakijaisha muda, kitambulisho cha mgeni mkaazi kutoka NIDA (mamlaka ya vitambulisho), laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe, na barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa au ya kijiji. Mikopo isiyo na riba itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya halmashauri ni ya raia wa Tanzania, hivyo yeyote anayekudai fedha ili "akuingize" humo anakuibia.

Ukishapata nyaraka, mchunguze mkopeshaji kabla yeye hajakuchunguza wewe. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, kampuni au mtu binafsi anayefanya biashara ya kukopesha lazima awe na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania, na Benki Kuu ina tawi hapa Mtwara ambako unaweza kuuliza kama jina hilo linatambuliwa. Wakopeshaji hao wameelekezwa wasitoze riba inayozidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Mikopo ya simu nayo ihakikiwe vivyo hivyo, kwani Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Na programu inayotaka kusoma majina yote yaliyo kwenye simu yako inajiandaa kukuaibisha mbele ya ndugu zako siku utakayochelewa.

Mama mmoja anayekaanga samaki pale Feri alinionyesha kadi yake ya marejesho, kipande cha karatasi ngumu kilichoingia mafuta, chenye visanduku 30, kila kimoja kikiwa cha shilingi 5,000 kwa siku. Alikopa 100,000, lakini alipokea 90,000, kwa sababu 10,000 zilikatwa papo hapo kuwa ada ya fomu. Kufikia siku ya 18 alikuwa amekwisha kurudisha kila alichopokea. Siku 12 zilizobaki, yaani shilingi 60,000, zilikuwa za mkopeshaji. Kwa asilimia 3.5, riba ya mwezi mzima ingekuwa 3,500. Fanya hesabu ya namna hii kwa kila mkopo: fedha inayoingia mkononi, jumla utakayorudisha, na tarehe ya kila rejesho.

Kwa wanaolima korosho au kufanya vibarua vya palizi, kangomba ni mkopo hata kama hakuna anayeiita hivyo. Unapewa unga au fedha miezi ya njaa, kisha msimu ukifika korosho zinachukuliwa kwa bei uliyoikubali ukiwa na shida, badala ya kupita AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) na kuuzwa mnadani. Ukilazimika kukopa, omba marejesho yaanze baada ya malipo ya korosho kutoka.

Binafsi ningemshauri mgeni aanzie kwenye VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa) iliyosajiliwa halmashauri, anunue hisa kidogo kidogo kwa miezi kadhaa, wanachama wamzoee, ndipo akope. Humo riba hubaki kwa wanachama wenyewe, na wadhamini ni watu anaokutana nao kila wiki.

Mkataba usomewe kwa Kiswahili mpaka uuelewe, ukidai nakala yako. Usiache pasipoti, kibali wala kadi ya benki na namba yake ya siri kuwa dhamana. Mkopeshaji mwenye leseni akikudhulumu, mwandikie malalamiko kwanza, utunze nakala yenye tarehe, na asipokujibu uipeleke Benki Kuu pamoja na mkataba na risiti zako zote.