Kabla hujanunua vidonge vya vitamini

Kama una hela ya vidonge vya vitamini, pitia kwanza sokoni Mwanjelwa, hapa Mbeya. Fungu la figiri, parachichi la Rungwe, maharage na dagaa kidogo: mtu mzima mwenye afya yake hapo amepata sehemu kubwa ya anachokifuata duka la dawa. Shida yetu wengi ni jikoni. Mboga inakatwakatwa ndipo inaoshwa, halafu inachemshwa mpaka inapauka na maji yanamwagwa. Vitamini C nyingi imeondoka na maji hayo. Osha majani yakiwa mazima, kata, kaanga dakika chache, epua yakiwa bado ya kijani. Weka mafuta kidogo, au kula na parachichi, maana bila mafuta mwili haunyonyi vizuri vitamini A ya kwenye mboga. Na chai (baridi ya huku naijua!) isubiri kama saa moja baada ya maharage, inapunguza madini chuma unayopata.

Vidonge vina watu wake. Mama mjamzito asiache vile vya kuongeza damu anavyopewa kliniki. Ila vya vitamini A asijinunulie tu. Vikizidi vinaweza kumdhuru mtoto tumboni.